Muflisi ni nani? Maana ya kufilisiwa katika sheria ya Kenya

Neno muflisi lilitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa fulusi, yaani pesa. Wanalugha wa Kiarabu hueleza kwamba mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha akabakiwa na visarafu vya shaba tu ndiye aliyeitwa muflisi. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani amefilisika duka lake linapofungwa au anapoanza kuwakwepa wanaomdai. Sheria haitosheki na hapo. Kufilisika ni hali ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kubadilika chochote kisheria. Kufilisiwa ni tendo la mahakama, lenye tarehe na nambari ya kesi, na ni tendo hilo, si hali ya kufilisika, linalompa mdaiwa kinga dhidi ya wanaomdai.

Nchini Kenya jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani iliyojulikana kama Sura ya 53. Mahakama Kuu inaweza kutoa amri ya kumtangaza mtu kuwa muflisi kwa ombi la mdai, au kwa ombi la mdaiwa mwenyewe. Amri ikishatolewa, mali ya muflisi hutoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ambaye huikusanya, huiuza na kugawa kinachopatikana kwa wadai kwa utaratibu uliowekwa. Havichukuliwi vyote: fundi huachiwa vifaa anavyohitaji kwa kazi yake, na familia huachiwa vyombo vya lazima vya nyumbani. Upande wa pili wa amri hiyo, ambao watu wengi hawausikii, ni kwamba wadai wasio na dhamana hawawezi tena kumfuata mmoja mmoja kwa kesi, kwa dalali au kwa ombi la kumpeleka jela ya madeni. Na jela hiyo, tukiitaja, haifuti deni hata kidogo: anayetoka huko hutoka na deni lake lilelile.

Ufilisi si wa milele. Muflisi huachiliwa moja kwa moja miaka 3 ikishapita, isipokuwa pawe na pingamizi; lakini miaka hiyo haihesabiwi kuanzia siku ya amri, bali kuanzia siku anapowasilisha taarifa kamili ya mali na madeni yake. Anayekawia kuiwasilisha kwa aibu au kwa kuficha kiwanja cha kijijini anajirefushia safari mwenyewe. Katika muda huo hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama, na Katiba, katika Kifungu cha 99, inamzuia kuchaguliwa kuwa mbunge.

Hata hivyo, kwa mtu wa kipato kidogo aliyelemewa na mikopo ya simu, deni la benki na daftari la duka la mtaani, ufilisi kamili mara nyingi ni nyundo ya kuulia mbu. Msimamizi auze nini, ikiwa mdaiwa anaishi chumba cha kupanga na hana shamba wala gari? Kwa mtu wa namna hiyo sheria imeweka mlango mwingine, utaratibu wa wasio na mali, ambao kwa maoni yangu ndio sehemu yenye utu zaidi katika sheria nzima na ndiyo inayotajwa kwa nadra zaidi. Maombi hayapelekwi mahakamani, bali kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi. Jumla ya madeni isipungue shilingi 100,000 wala isizidi shilingi milioni 4; mwombaji asiwe na mali inayoweza kuuzwa wala uwezo wa kulipa; asiwe amewahi kutangazwa muflisi; na asiwe amewahi kuutumia utaratibu huu kabla. Akikubaliwa, wadai wanaohusika huzuiwa kumdai, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Mwenye deni la shilingi 380,000 na kibarua kisicho na uhakika anaingia humo bila shida. Lakini aliyehamisha pikipiki yake kwa jina la shemeji wiki moja kabla ya kuomba hana nafasi, na akigunduliwa baadaye anaweza kuondolewa, wadai wakarudi pale walipoachia.

Mwenye kipato cha kueleweka, kwa mfano mwalimu ambaye mshahara wake unakatwa hadi kubaki kiduchu, anafaa zaidi kuomba amri ya kulipa kwa awamu, inayotolewa pia na Mpokeaji Rasmi. Na mwenye biashara inayoweza kufufuka anaweza kuwapendekezea wadai makubaliano ya hiari, huku mahakama ikimkinga kwa muda wakati wadai wakilifikiria pendekezo lake.

Yapo madeni yasiyofutwa hata baada ya muflisi kuachiliwa, kama vile yaliyotokana na ulaghai na pesa za matunzo ya watoto. Benki iliyochukua hati ya ardhi kuwa dhamana, au mkopeshaji anayeshikilia logbuku ya gari, bado ana haki ya kuuza dhamana yake. Jambo linalowaumiza wengi zaidi, hata hivyo, ni la wadhamini. Mkopo wa sacco hutiwa saini na wanachama wenzake mkopaji, na kufutiwa deni kwake hakuwafutii wao: sacco itageukia akiba zao, au mishahara yao. Kwa hiyo mwanachama anayekusudia kuomba afilisiwe anawajibika kuwaeleza wadhamini wake mapema, kabla fomu hazijapelekwa, ili wapate nafasi ya kukaa na sacco kujadili masharti ya kulipa badala ya kuletewa habari na karatasi ya mshahara.