Duka halali, kiwanja haramu: bangi ya tiba na halmashauri za California

Kila nikirudi Dar, shemeji yangu anayeuza spea pale Gerezani ana swali moja kwangu, na huliuliza mbele ya wateja ili nikose pa kukimbilia. "Shem, hivi huko kwenu si mliruhusu bangi? Sasa maduka yake mnayafunga kwa kosa gani?" Watu wanacheka, mimi naomba kiti. Jibu lake halimo kwenye sheria ya dawa za kulevya, anakolitafuta yeye. Limo kwenye fani yangu, mipangomiji.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye kaunta ya idara ya mipango ya mji mmoja wa kusini mwa California, ambao sitautaja. Mtu anakuja na anwani ya fremu anayotaka kuipanga, nafungua ramani, naangalia kiwanja kimo kanda gani, kisha namwambia kama biashara yake inaruhusiwa pale. Saluni, gereji, kanisa, duka la vileo. Kikaja kipindi ambacho haikupita siku bila mtu wa bangi ya tiba.

Tuanze na jina, maana linapotosha. Maduka haya Wamarekani waliyaita dispensari. Kwa Mtanzania dispensari ni zahanati, kuna nesi, kuna kipimo cha malaria, kuna foleni ya mama na watoto. Huko hakukuwa na nesi. Lilikuwa duka lenye msalaba wa kijani dirishani, mlinzi mlangoni na mitungi ya maua makavu kwenye kabati la kioo. Daktari alikuwa kwingine kabisa, na wengine, pale ufukweni Venice, mtaa wa Los Angeles, walitafutiwa wateja na vijana waliovaa sare za kijani za hospitali wakiita wapita njia. Mtu akishaona hivyo, neno "tiba" linaanza kumkaa vibaya mdomoni. Lakini niliwaona pia watu wa chemotherapia wasioweza kushikilia chakula tumboni, kwa hiyo sipendi kulicheka sana.

Wananchi wa California waliipitisha bangi ya tiba kwa kura mwezi Novemba 1996, kwa jina la Pendekezo la 215. Likisomwa leo, linashangaza kwa ufupi wake. Linasema mgonjwa aliyependekezewa na daktari, pamoja na mtu anayemtunza, asiadhibiwe na sheria za jimbo kwa kuwa na bangi au kuilima. Basi. Duka halikutajwa, wala nani auze, wapi, mpaka saa ngapi. Sheria ya SB 420 ya mwaka 2003 iliongeza kwamba wagonjwa wanaweza kuungana na kulima kwa pamoja bila kutafuta faida. Maduka yakazaliwa kwenye upenyo huo. Kwa karatasi, mteja alikuwa mwanachama wa kikundi, na uanachama ulichukua dakika tano za kujaza fomu na kuonyesha kitambulisho na barua ya daktari. Juu ya yote hayo, serikali kuu ya Marekani haikubadilika hata kidogo. Mahakama ya Juu mjini Washington ilisema mwaka 2001, ikarudia mwaka 2005, kwamba ruhusa ya jimbo haiondoi kosa chini ya sheria ya taifa.

Sasa kaunta yangu. Sheria ndogo ya matumizi ya ardhi kwenye miji mingi ya California imeandikwa kama orodha. Kanda hii inaruhusu ofisi, migahawa, maduka ya nguo, na kadhalika. Kisichotajwa hakiruhusiwi. Ukija kuomba leseni ya kitu ambacho orodha haikijui, jibu ni hapana, ingawa hakuna mahali palipoandikwa "marufuku". Na ukifungua hata hivyo, sheria ndogo nyingi zinasema jengo linalotumika kinyume cha orodha ni kero kwa umma lenyewe kwa lenyewe. Mwanasheria wa mji hahitaji kuthibitisha kelele, harufu wala wizi. Anathibitisha mambo mawili tu, kwamba duka lipo na kwamba halimo kwenye orodha. Mji wa Claremont ulishinda kwa njia hiyo kwenye Mahakama ya Rufani mwaka 2009, dhidi ya mtu aliyefungua duka mji ukiwa bado haujaandika neno lolote kuhusu bangi.

Hapo ndipo shemeji hukunja uso. Anasema, "Lakini jimbo liliruhusu!" Namjibu hivi. Jimbo lilisema polisi wake wasimkamate mgonjwa. Halikumwambia diwani wa Riverside ampe muuzaji kiwanja. Tofauti hiyo ilibishaniwa miaka mingi mahakamani, mpaka Mei 6, 2013, Mahakama ya Juu ya California ilipoamua kesi ya mji wa Riverside dhidi ya kituo kimoja cha wagonjwa cha eneo lile. Majaji wote walikubaliana. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Marvin Baxter, ilisema sheria za bangi ya tiba zinamwondolea mgonjwa adhabu, lakini haziondoi mamlaka ya mji kuamua ardhi yake itumike vipi. Mji unaweza kuweka masharti, na unaweza kupiga marufuku kabisa. Kikatiba hoja ni ya kawaida sana. Ibara ya 11 ya katiba ya jimbo inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo zisizogongana na sheria za jimbo, na kupanga ardhi ndio moyo wa uwezo huo. Mimi naiona hukumu ilikuwa sahihi. Matokeo yake sikuyapenda, lakini hilo si kosa la jaji.

Los Angeles inastahili kusimuliwa polepole, maana kule makosa yalifanyika karibu yote. Mwaka 2007 jiji lilisimamisha ufunguzi wa maduka mapya kwa muda, likataka yaliyokuwepo yajiandikishe, na yakajiandikisha kama 180 na ushei. Lakini sheria ndogo ile ilikuwa na kifungu cha kuombewa huruma, kwamba mwenye shida ya pekee anaweza kuomba asihusishwe na katazo. Ombi lilipaswa kusikilizwa na baraza la madiwani, na baraza halikusikiliza hata moja hadi 2009. Mtu mjanja angefanya nini? Alijaza fomu asubuhi, akafungua duka mchana, na ofisa akija aliambiwa ombi linasubiri baraza. Mamia wakafungua hivyo. Nimeandika vifungu vya sheria ndogo mimi mwenyewe, na kifungu kile nilikitumia kama mfano kila nilipofundisha vijana wapya. Ukiweka mlango wa dharura, weka na mtu wa kuufunga.

Wakazi wa vitongoji kama Eagle Rock walipiga kelele, na walikuwa na haki. Mtaa mmoja wa biashara, misalaba ya kijani pande zote mbili. Mwaka 2010 jiji lilipitisha sheria ndogo mpya, likapeleka barua za kufunga kwa maduka zaidi ya 400, mwisho Juni 7. Wenye maduka wakaenda mahakamani, na kabla mwaka haujaisha jaji akaweka zuio kwenye sehemu kubwa ya sheria hiyo. Julai 2012 madiwani wakapiga kura 14 kwa 0 kuyafunga yote. Wenye maduka wakakusanya saini za kulazimisha kura ya wananchi, na ilipofika Oktoba madiwani wale wale wakaifuta sheria yao wenyewe. Mwishowe, Mei 21, 2013, wiki mbili tu baada ya hukumu ya Riverside, wapiga kura wakapitisha Pendekezo D. Maduka yaliyokuwepo na kujiandikisha tangu kabla ya katazo la 2007, kama 135, yaliachwa yabaki kwa kulipa kodi ya dola 60 kwa kila dola 1,000 za mauzo, na mengine yote yalitakiwa kufungwa.

Ila angalia neno lililotumika. Pendekezo D halikuyapa maduka yale 135 leseni. Liliyapa kinga, yaani jiji liliahidi kutoyashtaki yakitimiza masharti. Bado yalikuwa matumizi yasiyoruhusiwa. Kwa nini jiji likatae kutoa karatasi ya kawaida ya leseni?

Sababu iko Long Beach, kilomita chache kusini. Mji ule ulijaribu kufanya kazi kwa utaratibu. Uliweka ada ya maombi isiyorudishwa, zaidi ya dola 14,000, ukachezesha bahati nasibu kuchagua waombaji. Wanachama wa vikundi vilivyoamriwa kufunga wakashtaki, na Oktoba 2011 Mahakama ya Rufani ikasema mji unaogawa vibali vya bangi hauondoi tu adhabu, bali unaruhusu kile ambacho sheria ya taifa inakataza, na hapo umevuka mpaka. Kukataza kunaruhusiwa, kugawa ruhusa ni hatari. Wanasheria wa miji jimbo zima waliisoma hukumu ile kwa namna moja, kwamba njia salama ni kupiga marufuku. Long Beach wenyewe wakapiga marufuku mwaka 2012. Mji uliojaribu kupanga ndio uliotiwa adabu, na jirani zake wakajifunza kutopanga.

Mwezi huo huo wa Oktoba 2011, waendesha mashtaka wanne wa serikali kuu walioko California walitangaza msako wa pamoja. Silaha yao kubwa ilikuwa barua. Haikwenda kwa muuza bangi, ilikwenda kwa mwenye nyumba. Mtoe mpangaji ndani ya wiki chache, la sivyo jengo linaweza kutaifishwa. Mzee mmoja aliyekuwa na jengo dogo la fremu nne alikuja kaunta na barua hiyo mkononi, akiuliza kama mji unaweza kumwandikia cheti kwamba mpangaji wake hana kosa. Hatukuweza. Alimtoa mpangaji Ijumaa. Oakland, ambao mwaka 2004 walianza utaratibu wa vibali, mwanzoni vinne tu, na mambo yakatulia, walipoona serikali kuu inataka kutaifisha jengo la Harborside, duka la bangi la mji huo, mwaka 2012, waliishtaki serikali kuu. Halmashauri inakwenda mahakamani kulinda duka la bangi! Kesi ya kutaifisha ilikuja kuachwa mwaka 2016.

Kwenye mji wangu kazi yangu ilikuwa kuchora miduara ya umbali kwenye ramani. Diwani mmoja alitaka kujua, kabla ya kupiga kura, maduka yangekaa wapi kama yangeruhusiwa. Sheria ya jimbo ya 2010 ilikataza duka ndani ya futi 600 za shule. Miji mingi iliongeza, futi 1,000 kutoka shule, kisha viwanja vya michezo, maktaba, vituo vya watoto, nyumba za ibada. Mkenya anaijua hesabu hii kutoka sheria ya pombe ya Kenya, iitwayo sheria ya Mututho, baa isiwe ndani ya mita 300 za shule, na futi 1,000 ni karibu mita hizo hizo. Niliweka miduara kwenye kompyuta, mmoja baada ya mwingine, mji ukawa kama umemwagiwa mafuta. Umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja, bila kujali kilichopo katikati. Tulikuwa na shule ng'ambo ya barabara kuu ya njia nane, hakuna mtoto anayeweza kuivuka, lakini mduara uliivuka bila shida. Mwishoni palibaki kipande chembamba kando ya reli, maghala na uwanja wa magari mabovu. Viwanja vile karibu vyote vilikuwa vya watu watatu, na wiki ile ile ramani ilipowekwa hadharani kodi ya pango ikaanza kupanda. Diwani aliangalia ramani, akasema mgonjwa wa kiti cha magurudumu hafiki pale, na mwenzake akasema basi tupige marufuku tumalize. Wakapiga marufuku.

Kufunga kwenyewe kulifanana na kuwaondoa machinga mtaa wa Kongo. Ilani, faini ya kila siku, kesi ya kero dhidi ya mwenye nyumba, zuio la mahakama, kufuli. Jumatatu duka limefungwa, Alhamisi lipo mitaa miwili mbele kwa jina jipya, na kazi inaanza upya kwenye ilani. Los Angeles ilifunga mamia kwa njia hii baada ya 2013, na baadaye ikaanza hata kukata umeme na maji ya maduka yasiyo na leseni. Aliyeumia haraka alikuwa mgonjwa asiye na gari. Mama mmoja mwenye arithritisi, mikono imejikunja, alikuwa akija kaunta kuniuliza aende wapi sasa. Nilimwonyesha kwenye ramani mji wa karibu wenye duka. Mabasi mawili.

Jimbo lilichelewa sana kuingia. Sheria za leseni zilitiwa saini Oktoba 2015 na Gavana Jerry Brown, na mwaka uliofuata wapiga kura wakahalalisha bangi kwa watu wazima kwa Pendekezo la 64. Wengi walidhani hapo mjadala umeisha. Lakini Pendekezo la 64 liliziachia halmashauri uwezo ule ule wa kukataa maduka, na mpaka leo zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California hazitaki duka la rejareja la bangi. Kilichobadilika kwa mgonjwa ni sheria ya SB 1186 ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Januari 1, 2024. Mji unaweza kuendelea kukataa duka la mtaani, lakini hauwezi kuzuia muuzaji mwenye leseni kumpelekea mgonjwa bangi ya tiba nyumbani kwake. Yule mama sasa anapiga simu.

Nilimweleza shemeji hilo safari iliyopita. Alinyamaza kidogo akifunga boksi la beringi, kisha akauliza, "Na hiyo gari ya kupelekea, inalala kwenye kiwanja cha nani?" Nikamwambia hilo sasa ndilo swali wanaloniuliza wenzangu wa kaunta.