Bogonvilia haiwaiti nyuki kama unavyodhani

Pita Raskazone, Tanga, uone kuta zilivyofunikwa na bogonvilia. Wengi huamini rangi ile kali ndiyo inayowaita nyuki, kwa hiyo maboga yakidondoka machanga kwa kukosa uchavushaji, wanaongeza miche mingine ya bogonvilia. Sivyo. Ile rangi ni ya majani tu. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilichojificha katikati, chembamba, kinachowafaa zaidi vipepeo wenye ulimi mrefu. Na mmea wenyewe asili yake ni Amerika Kusini.

Nyuki wanakijua kivumbasi, hichohicho tunachokichoma kufukuza mbu na kuking'oa kama gugu. Mbu hukimbia moshi wake. Nyuki hukimbilia maua yake. Kiangalie asubuhi: maua madogo meupe yamejipanga kwenye shuke, nyuki anaruka kutoka moja hadi jingine. Kile cha kichaka kirefu hudumu miaka. Kata mashuke yaliyokauka, kitachipua na kuchanua tena. Mshubiri wa asili ya huku, si ule wa kwenye makopo ya vipodozi, unamleta chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua.

Ua la Usambara, Saintpaulia, lililopewa jina la kisayansi mwaka 1893, nalo ni letu. Ila usilichomeke juani mjini: linataka kivuli na unyevu wa msituni, na halina nekta, lina chavua tu.

Dawa ya wadudu, ikibidi, pulizia jioni, maua ya maboga yakishajifunga.