Kontrola ya breki za tela: ni kitu gani, na ya kukokotea mzigo mzito huchaguliwaje

Kontrola ya breki za tela ni kifaa kinachokaa ndani ya kabini ya gari linalokokota, na kazi yake ni moja: kuamua umeme kiasi gani uende kwenye breki za tela dereva anapokanyaga pedali. Yenyewe haisimamishi kitu. Haisukumi mafuta wala upepo, na haiongezi wala kupunguza nguvu ya breki za gari lenyewe.

Aliyezoea malori ya Dar kwenda Tunduma, au ya Mombasa kwenda Malaba, atauliza mara moja: upepo uko wapi? Haupo. Lori kubwa lina kompresa yake, na tela hushika kwa upepo unaopita kwenye mipira. Pikapu haina mfumo huo, hata iwe na injini ya dizeli ya kutisha. Ndiyo maana Marekani, ambako watu hukokota farasi, matrekta, magari mabovu na nyumba za kutembea kwa pikapu, tela nyingi nzito hufungwa breki za umeme. Huko ndiko kontrola inakohesabiwa kuwa sehemu ya gari kama usukani, na wenzetu walioko kule wanaobeba mizigo kwa pikapu hukutana nayo siku ya kwanza ya kazi.

Chukua tela ya kawaida kabisa ya kazi hiyo: ekseli mbili, kila moja ya pauni 7,000, jumla pauni 14,000, yaani kama kilo 6,350. Pikapu yenyewe ina tani tatu na ushei. Kinachokusukuma kutoka nyuma ni kizito karibu mara mbili ya kinachokubeba.

Fungua dramu ya tela hiyo uone. Pamoja na breki shuu kuna sumaku ya umeme inayoenea kwenye kiganja, imeshikizwa kwenye mkono wa chuma, uso wake umeelekea ukuta wa ndani wa dramu. Umeme ukifika, sumaku inang'ang'ania ukuta huo unaozunguka, inaburutwa nao kidogo, na mkono wa chuma unasukuma shuu zitanuke zibane dramu. Kila sumaku hula takriban ampea 3 kwa volti 12, kwa hiyo ekseli mbili ni kama ampea 12. Ukitaka kujua kama zinafanya kazi, nyanyua gurudumu moja kwa jeki, mtu alizungushe, wewe kabini ubane kile kidude cha mkono kilicho kwenye kontrola. Aliye chini atasikia sumaku inavuma, kisha gurudumu linasimama. Lisipovuma, usitoke nyumbani.

Swali kubwa la kuchagua liko hapa: kontrola inajuaje wewe umekanyaga kwa nguvu au umegusa tu? Zipo za muda. Hizi zikiona taa ya breki imewaka zinapandisha umeme polepole mpaka kiwango ulichopanga, basi. Ukigusa pedali kidogo kwenye foleni, tela inashika hadi mwisho na kukuvuta nyuma kwa kishindo. Ukikanyaga ghafla kwa sababu kuna kulungu barabarani, zinapanda kwa mwendo uleule wa kobe. Ni rahisi kununua, na kwa tela ndogo ya mashine ya kukatia nyasi hazina ubaya sana. Kwa mzigo mzito mimi sizishauri, hata kwa bei ya bure.

Za uwiano zina kipimo ndani kinachohisi gari linapunguza mwendo kiasi gani, na umeme unakwenda kwa kiasi hicho hicho. Zile za zamani zilitumia pendulamu, na fundi alilazimika kuziweka sawasawa kabisa. Za sasa zina kihisi cha kielektroniki na hukubali kufungwa kwa pembe mbalimbali. Tekonsha Prodigy P3 ni mfano unaoonekana kwenye pikapu nyingi: inabeba ekseli moja hadi nne, na kioo chake kinakuonyesha volti zinazotoka na kukuonya waya ukikatika. Redarc ya Australia nayo ni ya aina hii, ila sanduku lake hufichwa chini ya dashibodi na unaona kitufe cha kuzungusha tu.

Juu ya hizo zote ipo ya kiwandani. Ford ndiyo iliyotangulia kuiweka ndani ya dashibodi, kwenye pikapu zake za Super Duty za mwaka 2005, na wengine wakafuata. Ubora wake ni kwamba haikisii kutokana na gari kupunguza mwendo: inasoma shinikizo la mafuta ya breki zenyewe, inajua spidi, na inazungumza na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu ya gari yasijifunge. Umeme unafika kwenye tela kabla hata gari halijaanza kupungua. Ukikuta pikapu unayotaka kuinunua inayo, usimruhusu muuzaji akuongezee nyingine. Kontrola mbili kwenye waya mmoja ni kutafuta moto. Na kama unanunua pikapu iliyotumika kwa ajili ya kukokota, ningelipa zaidi kidogo nipate yenye kontrola ya kiwandani kuliko yenye viti vya ngozi.

Kabla ya kutoa pesa, nenda ukaangalie tela, maana wengi huangalia gari tu. Tela nyingi za boti hushika zenyewe: zikilisukuma gari kutoka nyuma, kichwa cha tela kinajibonyeza na kusukuma mafuta, na hapo kontrola haina kazi. Nyingine, hasa zile ndefu zenye breki za diski, zina pampu yao ya mafuta inayoendeshwa kwa ishara ya umeme, na pampu za diski hufikia shinikizo la psi 1,600 (pauni kwa inchi ya mraba). Si kila kontrola inaelewana na pampu hiyo. Tafuta kwenye kijitabu chake kama ina mpangilio wa mafuta na umeme. Ukiiacha kwenye mpangilio wa sumaku, pampu inaweza kuchelewa au isiamke kabisa.

Waya zenyewe ni nne tu upande wa gari: weusi wa moto kutoka betri, mweupe wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri), mwekundu wa swichi ya taa ya breki, na wa buluu unaopeleka umeme nyuma kwenye soketi ya pini saba. Wa buluu na wa ethi ndio wenye lawama nyingi. Ethi yenye kutu kwenye fremu ya tela hukunyima volti mbili au tatu kimyakimya. Kontrola inasema imetoa 12, sumaku inapokea 9, na wewe unalaumu chapa ya kifaa.

Sasa geini, yaani ile namba unayopanga ya nguvu ya mwisho. Hapa ndipo mimi nilipoponea chupuchupu. Nilikuwa nimeshusha mzigo, nikapunguza geini ili tela tupu isiburuze matairi, kesho yake nikapakia katapila ndogo nikaondoka bila kugusa kitu. Taa ya kwanza nyekundu ilinikuta nimesimama katikati ya makutano, mguu umefika sakafuni, breki za mbele zinanuka. Kontrola haikuwa mbovu hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia jana yake.

Upangaji wake hauchukui dakika kumi. Pakia mzigo, tafuta barabara tambarare, kavu, isiyo na watu, tembea kama maili 25 kwa saa, ambayo ni kilomita 40. Usiguse pedali, bana kidude cha mkono peke yake. Tela ikikuvuta kwa unyonge, ongeza. Matairi yakijifunga na kuburuza, punguza hatua moja. Unachotafuta ni pale tela inaposhika kwa nguvu bila kufunga matairi. Uzito ukibadilika, rudia. Tela mpya itakudanganya mwanzoni kwa sababu shuu hazijakaa kwenye dramu: watengenezaji wa ekseli hutaka uzizoeshe kwa kupunguza mwendo kutoka maili 40 hadi 20, mara 20 hadi 30, kisha shuu zikazwe upya baada ya maili 200 za mwanzo.

Kidude hicho cha mkono kina faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi sana. Tela ikianza kuyumba kushoto kulia, ukikanyaga pedali unaweza kuikoroga zaidi. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, bana kidude: tela inavutwa nyuma, inanyooka. Kwa hiyo kontrola ifungwe mahali ambapo mkono unafika gizani bila kuitafuta. Nimeona nyingine imefungwa chini kabisa kando ya goti, utadhani fundi aliificha isionwe na wezi.

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa barabara ya I-70 unaoshuka kutoka handaki la Eisenhower huko Colorado, mita zaidi ya 3,300 juu ya usawa wa bahari, ambako kila mita 100 unashuka karibu mita 7, kontrola bora kuliko zote haikusaidii ukikanyaga mfululizo. Dramu zikipata moto shuu zinateleza. Gia ndogo na breki ya injini ndizo zinazoshikilia mwendo. Za tela unazigusa kwa vipindi na kuziachia zipoe.

Wengi huchanganya kontrola na swichi ya dharura. Hiyo iko kwenye tela, ina betri yake ndogo na waya mwembamba wa chuma uliofungwa kwenye gari. Tela ikichomoka, waya unang'oa pini na breki zinajibana zenyewe. Sheria ya usafirishaji wa kibiashara ya Marekani inataka zishike angalau dakika 15. Haihitaji kontrola, inahitaji betri iliyojaa tu. Waya wake ufunge kwenye fremu ya gari, usiufunge kwenye mnyororo wa usalama wala kwenye kiungo cha kukokotea, kwa sababu kiungo kikichomoka kitaondoka nao na pini itabaki ilipo.