Kujitegemea kwa mkimbizi si kukatiwa msaada

Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba familia fulani ya wakimbizi "imeanza kujitegemea", na nikiuliza imepata nini, naambiwa imeondolewa kwenye orodha ya wanaogawiwa chakula. Hapo neno limepotoshwa. Kujitegemea ni uwezo wa mtu, kaya au jamii kujipatia mahitaji ya lazima, yakiwemo chakula, makazi, matibabu, elimu na usalama, kwa namna ya kudumu na bila kuvunjiwa heshima.

Tulitazame neno lenyewe. Kutegemea ni kuuweka uzito wako juu ya kitu kinachoweza kuubeba, kama mzee anavyotegemea mkongojo, na kiambishi -ji- humrudishia mtendaji tendo lake, kama katika kujifunza na kujilinda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipolifanya kuwa neno la siasa, lilizungumzia taifa lililokuwa na ardhi yake na sheria zake, na pengine ndiyo sababu tunamvisha mkimbizi neno hilohilo bila kuuliza yeye ana nini cha kuegemea. Kumnyang'anya mtu mkongojo hakumpi nguvu za miguu.

Fundi cherehani anayejua kukata na kushona suti, ambaye cherehani yake iko mezani lakini hana kibali cha kazi, hawezi kufungua akaunti ya benki wala haruhusiwi kutoka kambini kwenda kununua vitambaa, hakupungukiwa bidii. Alichokosa ni haki, na haki hizo zinajulikana: Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi unataja ajira ya mshahara katika ibara ya 17, kujiajiri katika ibara ya 18 na uhuru wa kwenda na kukaa popote nchini katika ibara ya 26, ingawa nchi kadhaa ziliukubali kwa sharti kwamba hazitafungwa kikamilifu na ibara ya 17.

Kuzoea nchi mpya nako ni jambo jingine. Muuguzi aliyekwisha kujifunza lugha ya wenyeji, lakini vyeti vyake havitambuliwi, huenda akasafisha sakafu za wodi na kulipa kodi ya nyumba kila mwezi. Amezoea, hata hivyo kujitegemea kwake bado ni nusu.

Basi anayetaka kusema kwamba msaada umesitishwa, na aseme umesitishwa, na neno kujitegemea aliweke hadi siku fundi yule atakapopata kibali na kwenda mwenyewe kununua vitambaa.