Skripti Inapokataa kwa Sababu ya Alama Isiyoonekana

Mtu ameandika skripti ya Bash, yaani faili la amri zinazosomwa na programu iitwayo Bash, kwenye Windows, ameihamishia kwenye seva ya Linux, na anapoiendesha anajibiwa `/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory`, yaani programu ya kuendeshea skripti haipatikani. Akikagua, Bash ipo mahali pake. Wengi hapo huanza kusakinisha Bash upya au kubadili ruhusa za faili, kazi isiyosaidia chochote, kwani kosa lenyewe limeandikwa mwishoni mwa jina: `^M`.

Kila mstari wa maandishi hufungwa kwa alama isiyoonekana. Linux hutumia alama moja, namba 10 katika jedwali la ASCII, linalozipa herufi na alama namba zake. Windows hutumia mbili, namba 13 (ndiyo hiyo `^M`, ambayo pia huandikwa `\r`) ikifuatiwa na 10, desturi iliyotokana na mashine za kupokelea maandishi kwa waya, ambako ya kwanza ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari na ya pili ikasogeza karatasi. Linux huihesabu namba 13 kuwa herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo inaposoma mstari wa kwanza wa skripti, unaotaja programu ya kuiendesha, hutafuta programu ambayo jina lake linaishia na herufi hiyo, na programu ya namna hiyo kweli haipo.

Kosa linalotangazwa lina nafuu. Linalotutia wasiwasi zaidi ni lile la kimya. Ukiiendesha skripti hiyo kwa kuandika `bash skripti.sh`, mstari wake wa kwanza hurukwa kama maelezo tu, na amri ya `mkdir ripoti` iliyo ndani yake hufaulu, ila folda inayoundwa ina mkia uliofichika. Baadaye unaandika `cd ripoti` kwa mkono, unaambiwa haipo. Amri ya `ls` katika matoleo ya sasa ya Linux huliandika jina hilo `'ripoti'$'\r'`, na ukiiona `\r` hiyo umekwisha kumpata mhalifu.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kwa `cat -A skripti.sh`: mistari inayoishia na `^M$` badala ya `$` pekee ina tatizo hili. Kisha tumia `dos2unix skripti.sh`, au, kama programu hiyo haijasakinishwa, `sed -i 's/\r$//' skripti.sh`. Kwenye kompyuta za Mac, ambako `sed` hufanya kazi tofauti kidogo, andika `tr -d '\r' < skripti.sh > mpya.sh`. Tafadhali usitumie jina lilelile pande zote mbili, kwa sababu faili litafutwa kabla halijasomwa. Nalo faili jipya lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x mpya.sh`. Kumbuka pia kwamba kusafisha skripti hakusafishi majina yaliyokwisha kuharibika, hivyo folda ya awali irekebishwe kwa `mv ripoti$'\r' ripoti`.

Wanaofanya kazi kwa pamoja kupitia Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, waweke mstari wa `*.sh text eol=lf` katika faili la `.gitattributes`, kwa kuwa Git yenyewe, kulingana na mipangilio ya kompyuta ya Windows, inaweza kubadili mistari bila mwandishi kugusa kitu. Mafaili ya `.bat` yasiingizwe katika kanuni hiyo, kwani hayo huendeshwa na Windows na yanapaswa kubaki na alama zake mbili.