Ugumu si mmoja: kufasiri sifa za uimara kutoka Kiingereza

Katika kazi yangu ya kufasiri nyaraka za kilimo, afya na uhandisi, maneno yanayonichelewesha si istilahi ndefu za kitaalamu, bali ni vivumishi vya Kiingereza ambavyo kila aliyepita kidato cha pili anadhani anavijua: "hard", "tough", "hardy", "sturdy", "resilient". Mfasiri mwenye haraka huvipa vyote "-gumu" au "imara", kisha akaendelea na safari yake.

Kati ya "hard" na "tough" wahandisi wamekwisha kutuwekea mpaka. Kwao, kitu cha kwanza ni kile kisichokwaruzika wala kubonyea kwa urahisi, ilhali cha pili ni kile kinachopokea pigo kubwa bila kuvunjika. Almasi inashika nafasi ya 10, ya juu kabisa, katika kipimo alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, lakini almasi hiyohiyo inaweza kupasuliwa kwa nyundo. Na kioo, ambacho ni kigumu kuliko shaba, hakihitaji hata nyundo, kwani sakafu inatosha. Ndiyo maana katika maandishi ya uhandisi ninaandika "ugumu" kwa sifa ya kwanza na "ukinzani dhidi ya kuvunjika" kwa ya pili, hata kama mpanga kurasa atalalamika kuhusu nafasi. Akisifiwa mtu kuwa ni "tough", "mkakamavu" hutosha. "Ngangari" ni tamu zaidi, ila inanukia mikutano ya siasa.

"Hardy" ilitoka Kifaransa cha kale, ambako ilimaanisha jasiri, na leo watunza bustani wa Uingereza huitumia kwa mmea unaoweza kuachwa nje majira ya baridi kali usife. Maana hiyo ataielewa mkulima wa Makete aliyewahi kuona umande umeganda shambani. Wa Tanga ataelezwa kwa sentensi nzima. "Sturdy" nayo ilitoka kwenye neno la Kifaransa la mtu aliyepigwa na bumbuazi, asili ambayo haimsaidii mfasiri chochote, kwa hiyo naiacha na kuandika "madhubuti".

Lipo neno letu moja ambalo Kiingereza hakina la kulingana nalo sawasawa, nalo ni "sugu". Asili yake ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, mfano kiganja cha mshika jembe, na kutoka hapo tumepata kifua kikuu sugu, mhalifu sugu na wale wadaiwa sugu wanaotangazwa magazetini. Ni uimara wa kitu ambacho tungependa kishindwe. Kweli, mwanamuziki na mbunge wa zamani wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, amelivaa kama jina la sifa, lakini ukiziita mbegu za mahindi "sugu" unamtia mkulima shaka. Yeye anataka mbegu zinazostahimili ukame.

Neno hilo, "kustahimili", ndilo linalonirudisha kila mara kwenye "resilient". Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kubeba mzigo, mzizi uleule uliotupa "hamali" na "mhimili", kwa hiyo mstahimilivu ni aliyetwishwa na hajaanguka. "Resilient" ilitoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka na kurudi nyuma: ni upinde uliovutwa, ukaachiwa, ukarejea umbo lake. Mmoja anabeba, mwingine anarejea. Hata hivyo siwalaumu waliochagua "ustahimilivu" kwa nyaraka za tabianchi, kwa sababu mwanaikolojia C. S. Holling, alipoliingiza neno hilo la Kiingereza katika taaluma yake mwaka 1973, alisisitiza uwezo wa mfumo kupokea misukosuko na kuendelea kuwapo, wala si kasi yake ya kurejea ulipokuwa, na hapo mhimili unakaribia maana yake kuliko upinde.

Tatizo huja neno likihamishiwa kwa binadamu. Niliwahi kufasiri kijitabu kuhusu watoto waliofiwa na wazazi, nikaandika "watoto wastahimilivu" bila kufikiri mara mbili. Mama mmoja aliyekuwa akipitia rasimu, mwalimu mstaafu, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watoto bado wamebebeshwa, au wamekwisha kusimama?" Nikarudi kwenye matini ya Kiingereza na kukuta kwamba sura nzima ilihusu watoto waliorejea shuleni, kwenye michezo na kwenye kucheka. Nikafuta, nikaandika "watoto waliojikwamua", kwa kuwa kujikwamua kunakiri kwamba mtu alikwama kwanza, jambo ambalo "imara" na "-gumu" hayalisemi kamwe. Kijitabu kilipotoka kiwandani, "wastahimilivu" ilikuwa imerudishwa. Mhariri alieleza kwa upole kwamba ilipaswa kufanana na kichwa cha mradi, ambacho kilikuwa kimekwisha kuchapwa kwenye mabango.