Insulini Uingereza haina bei, lakini kuifikia kuna gharama

Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini akipata chuo au kazi Uingereza, huuliza kwanza chupa moja kule ni shilingi ngapi. Ni swali la mtu aliyezoea kununua dawa dirishani, na kwa Uingereza halina maana sana, kwa sababu mgonjwa aliyesajiliwa hanunui insulini. Pesa inamtoka kwingine: kwa mkupuo kabla hajapanda ndege, halafu kidogokidogo katika wiki za mwanzo kabla mfumo haujamtambua. Naandika kama mfamasia, na nitakaa zaidi kwenye hizo wiki, kwa sababu ndipo watu wanapoishiwa dawa.

Tozo unayolipa pamoja na viza

Karibu kila anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 kutoka nje ya Uingereza hulipa tozo ya afya ya uhamiaji, maarufu kama IHS. Tangu Februari 2024 mtu mzima analipa pauni 1,035 kwa mwaka. Mwanafunzi na mtoto aliye chini ya miaka 18 hulipa pauni 776. Hailipwi mwaka kwa mwaka. Unalipia muda wote wa viza siku unayoomba, na ada ya viza iko pembeni.

Hesabu inawachanganya wengi kwa sababu wanahesabu miezi ya masomo badala ya miezi ya viza. Shahada ya uzamili ya miezi 12 huja na viza ya takriban miezi 17, maana unapewa mwezi 1 kabla ya masomo na miezi 4 baada yake. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6 hutozwa nusu, kwa hiyo ni 776 jumlisha 388, sawa na pauni 1,164. Mfanyakazi mwenye viza ya miaka 3 anatoa pauni 3,105. Aliye na viza ya wahudumu wa afya na huduma za kijamii halipi tozo hii kabisa, kwa hiyo ukisoma mkataba wa kazi angalia kwanza ni aina gani ya viza unayoombewa.

Kuwa na kisukari hakuongezi hata senti. Hakuna fomu ya kujieleza wala daktari wa bima wa kukukagua, na ugonjwa ulionao tayari unahudumiwa kama ulioanza jana. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya Uingereza kwa mtu wa insulini, hata kama tozo inauma.

Kinachokwamisha malipo mara nyingi ni kadi ya benki. Kadi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zina kikomo cha matumizi ya mtandaoni kwa siku, na pauni elfu moja na kitu inakipita. Nenda benki wapandishe kikomo siku mbili kabla. Viza ikikataliwa, tozo inarudishwa, ila ada ya viza hairudi. Viza ikitoka halafu ukaamua kutosafiri, tozo nayo imekwenda.

Cheti cha daktari wa nyumbani hakikubaliki dirishani

Famasi za Uingereza hutoa dawa kwa cheti cha daktari wa Uingereza, wa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya au wa Uswisi. Cheti cha Muhimbili au cha Kenyatta, hata kiwe na mihuri mitatu, hakimruhusu mfamasia kukupa insulini. Si dharau, ni sheria. Kwa hiyo hadi usajiliwe kwa daktari wa familia, anayeitwa GP, unaishi kwa dawa uliyobeba. Ikiisha, unalipa daktari binafsi na bei kamili ya dawa, au unakwenda kukaa saa nyingi idara ya dharura.

Mimi hushauri kubeba ya miezi 3. Usajili wenyewe unaweza kumalizika ndani ya siku chache, lakini miadi ya kwanza, kuingizwa kwenye orodha ya dawa za kila mwezi, na uhaba wa nyumba unaokufanya uhame mtaa na kuanza upya, vyote hula wiki.

Usikisie kiasi. Chukua mfano wa mtu anayetumia yuniti 40 kwa siku kwa sindano 4 za kalamu, yaani kifaa cha kuchomea chenye insulini ndani yake. Kila sindano inatanguliwa na yuniti 2 za kujaribu kama njia iko wazi, hivyo kwa siku zinatoka 48. Mara siku 90 ni yuniti 4,320. Kalamu ina yuniti 300, kwa hiyo anahitaji 15, yaani boksi 3 za kalamu 5. Asiyehesabu yuniti za kujaribu atapeleka 12 na kupungukiwa mapema. Kwa chupa ya mililita 10 yenye yuniti 1,000, yuniti 40 kwa siku zinaimaliza baada ya siku 25.

Kwa mtoto hesabu hugeuka. Akichoma yuniti 6 za insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, kwa siku 28 anatumia 224 pamoja na za kujaribu, na zilizobaki kwenye kalamu zinatupwa, kwa sababu insulini nyingi zikishafunguliwa hazipaswi kupita wiki 4. Hapo unahesabu kwa wiki, si kwa yuniti: kalamu moja kila wiki 4, na moja ya akiba. Familia ambayo mtoto wake hupewa insulini bure kliniki ya watoto, kupitia mpango kama Changing Diabetes in Children, iulize mapema kama kliniki inaweza kutoa ya miezi 3 kwa mkupuo. Ikishindikana, tofauti ni ya kununua, na iwekwe kwenye bajeti ya safari kama tiketi.

Insulini yote iende kwenye mzigo wa mkononi. Chini ya ndege inaweza kuganda, na insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Utaijua kwa sukari isiyoshuka siku ya tatu, ukidhani ni chakula cha kigeni. Ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8 mara ufikapo, na kwenye friji ya hosteli iwe mbali na ukuta wa nyuma unaoshika barafu.

Barua moja inayookoa miezi

Kabla ya kuondoka omba kliniki barua ya Kiingereza inayotaja aina ya kisukari, mwaka kilipogunduliwa, kila insulini kwa jina lake la kitabibu na si la kibiashara tu, dozi za asubuhi, mchana na usiku, na HbA1c ya karibuni, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita. Kule HbA1c haisomwi kwa asilimia. Asilimia 7 ni 53, asilimia 8 ni 64, asilimia 9 ni 75, kwa kipimo cha mmol/mol. Sukari ya kidoleni ni ileile ya mmol/L tuliyoizoea.

Jina la kibiashara peke yake linaleta shida ya kweli. Mixtard 30, ambayo wengi kwetu wameitumia kwa miaka, iliondolewa soko la Uingereza mwishoni mwa 2010. Daktari kijana huenda hajawahi kuiona. Barua ikisema ni mchanganyiko wa 30 ya haraka na 70 ya kati, atakuandikia Humulin M3, ambayo ndiyo ile tunayoiita Humulin 70/30.

Aina nayo ina thamani ya fedha. Tangu Machi 2022 mwongozo wa NICE, chombo kinachotoa miongozo ya matibabu kule, unataka kila mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe nafasi ya kuvaa kihisi cha sukari cha ngozini. Mwenye aina ya pili anayechoma sindano nyingi naye anaweza kukipata, ila kwa masharti. Barua ikiandika "mgonjwa wa kisukari" basi, umejipunja kifaa ambacho kwetu unakinunua mwenyewe kila wiki mbili.

FP92A, na risiti ambayo watu hawaiombi

Jisajili kwa GP wiki ya kwanza. Kutokuwa na uthibitisho wa anwani hakupaswi kukunyima usajili. Ukikataliwa mapokezi kwa sababu hiyo, omba wakupe sababu kwa maandishi. Mara nyingi mlango hufunguka hapo.

Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za cheti ni bure kwa wote. England kila dawa kwenye cheti ni pauni 9.90, bei iliyoanza Mei 2024, lakini anayetibiwa kisukari kwa dawa anasamehewa. Msamaha hauji wenyewe: omba fomu FP92A mapokezini, ijaze, isainiwe hapo kliniki. Cheti cha msamaha hudumu miaka 5 na kinafuta malipo ya dawa zako zote, hata antibayotiki ya kikohozi. Ukitia alama kwenye cheti cha daktari kuwa umesamehewa kabla hujapata cheti cha msamaha, unaweza kuletewa faini ya hadi pauni 100.

Ukilazimika kulipa wakati unasubiri, mwambie mfamasia palepale akupe risiti ya FP57. Risiti ya kawaida ya duka haitambuliki na FP57 haitolewi baadaye. Una miezi 3 ya kudai. Cheti cha msamaha kinahesabiwa kuanzia mwezi mmoja kabla ya fomu kupokelewa, kwa hiyo kuchelewesha fomu ni kupoteza pesa yako mwenyewe.

Sindano za kalamu, vijiti vya kupimia na boksi la kutupia sindano huandikwa kwenye cheti hichohicho cha daktari. Kipimo cha macho ni bure. Miwani si bure, na meno pia: kisukari hakikupi msamaha kwa daktari wa meno. Ng'oa na ziba nyumbani kabla ya safari.

Ukienda kwingine

Ujerumani, tofauti iko kati ya bima ya umma, isiyoweza kukukataa kwa ugonjwa, na bima nafuu za wageni, ambazo kwa kawaida huacha nje magonjwa uliyokuja nayo. Anayekwenda kusoma lugha kwanza huuziwa hiyo ya pili. Inatosha kwa viza, haitoshi kwa insulini.

Marekani, mwajiri anaweza kukuchelewesha hadi siku 90 kabla bima haijaanza. Kuna kiasi unachotoa mfukoni kwanza kila mwaka, na mipango mingi hukianzisha upya Januari 1, kwa hiyo anayefika Oktoba anaweza kukilipa mara mbili ndani ya miezi minne.

Mama akija kutembea

Viza ya mgeni ya miezi 6 haina IHS, na ndiyo inayozaa madeni makubwa. GP na idara ya dharura havimtozi, lakini akilazwa kwa kidonda cha mguu au kwa DKA (damu kujaa asidi kwa kukosa insulini), hospitali humtoza asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Mkatie bima ya safari na kisukari kitajwe kwenye fomu, hata kama bei itapanda. Kukificha kunaipa kampuni sababu ya kutolipa. Deni la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi 2 huripotiwa uhamiaji na linaweza kumnyima viza ijayo. Ankara ikifika, wapigie hospitali wiki hiyohiyo muandikiane mpango wa kulipa kidogokidogo.